Mifugo Ndani ya Nailoni

Lotukoi Aule hakuwa na kisu cha shaba cha kusugulia mdomo wa mashine, kwa hiyo alitumia bamba alilokata kutoka kwenye bomba kuukuu. Hakuwa na kitabu cha mashine, kwa sababu mashine yenyewe ilinunuliwa Nairobi ikiwa imetumika, baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku, na aliyeiuza alisema kitabu kililiwa na panya. Hakuwa na akiba ya machujio. Hakuwa na stima ya kutegemea. Hakuwa na barua ya kuajiriwa kwa kudumu, ingawa aliitwa mkuu wa mashine tangu siku ya kwanza. Hakuwa na subira, jambo ambalo mkewe Jane alilijua kuliko mtu yeyote Kiwanjani. Na tangu ukame uliopita hakuwa na mfugo hata mmoja, hata mbuzi wa kumchinjia mgeni.

Alichokuwa nacho ni cheti cha chuo cha ufundi, ambacho alikitia kwenye fremu na kukitundika mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya Kiwanjani, mtaa wa mji wa Isiolo, upande wa mto. Kilitengeneza nailoni nyeusi, nzito, ya kutandikwa chini ya silanga, bwawa la kuchimbwa, ili maji ya mvua yasinyonywe na udongo. Kazi yake si ngumu kuieleza. Punje za plastiki huingia upande mmoja wa mashine, huyeyushwa ndani ya pipa refu la chuma, husukumwa kupitia chujio la waya, kisha hutokea juu kwenye mdomo wa mviringo wenye mwanya mwembamba. Upepo huijaza ile plastiki laini, nayo hupanda kama puto refu hadi karibu na paa. Huko juu hupoa, hubanwa na roli mbili, na kushuka upande wa pili ili iviringishwe.

Aliyesimamia kuviringisha alikuwa Kaltuma, binti wa mzee Golicha. Asubuhi moja, kabla ya chai, aliinama juu ya roli, akapitisha ukucha kwenye nailoni, akaita bila kugeuka.

"Fundi. Tuna mstari."

Lotukoi alishuka ngazi akipangusa mikono. Nailoni nyeusi haionyeshi kasoro zake kwa urahisi. Ni lazima uilaze upande ili mwanga wa dirisha uiguse kwa mshazari. Aliilaza, akaona mstari mwembamba kama mkwaruzo wa mwiba.

"Uchafu kwenye mdomo," alisema. "Plastiki imeungua ikashika pale. Dakika kidogo tu."

Mstari kwenye nailoni una sababu zake, na sababu hizo zinajulikana. Plastiki iliyoungua hung'ang'ania mdomo na kuikwaruza ile inayopita. Mdomo wenyewe unaweza kuwa umegongwa na fundi mzembe aliyetumia bisibisi. Punje zinaweza kuwa na unyevu, chujio linaweza kuwa limetoboka, au moto ni mdogo na plastiki inatoka kabla haijakubali kuyeyuka sawasawa. Lotukoi alizijua sababu hizi zote kwa mpangilio, akaanza na ya kwanza. Alisugua mdomo kwa bamba lake la shaba pande zote. Mstari ulibaki. Alikausha punje. Alibadilisha chujio. Alipandisha moto, kisha akaushusha. Mstari mmoja ukawa mistari mingi, myembamba, iliyosongamana.

Lakini lililomuudhi zaidi ni kwamba mistari ilikuwa inatembea. Mstari wa uchafu hukaa mahali pamoja, kama mtu aliyelipia kiti. Hii iliingia ukingo wa kulia wa nailoni, ikavuka kwa mshazari, ikatokea ukingo wa kushoto. Baada ya saa ya chakula cha mchana ilirudi, kutoka kushoto kwenda kulia, ikiwa imezama zaidi.

"Hizi ni mbuzi," Kaltuma alisema.

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi na kondoo. Angalia vile wanasukumana. Asubuhi wanaenda maji, wana haraka. Alasiri wanarudi tumbo imejaa, ndiyo maana imekanyaga chini." Alisogeza nailoni mbele kidogo. "Hapa nyuma ni ng'ombe. Ngamia bado, ngamia ni wa mwisho."

Ngamia walipita muda mfupi baadaye, mistari mipana iliyoachana, ikienda bila wasiwasi. Lotukoi aliitazama akiwa ameweka mikono kiunoni.

"Sawa," alisema. "Lakini wanapitia wapi? Mdomo nimeusugua mwenyewe. Hakuna nafasi."

Kwa kweli hapakuwa na fumbo lolote kuhusu mahali walipopitia. Kabla ya kiwanda, pale palikuwa malka, njia ambayo mifugo hushukia mtoni, pana kiasi cha makundi mawili kupishana. Babu zao akina Kaltuma, Waborana, waliitumia kwa zamu, mbuzi na kondoo kwanza, kisha ng'ombe, kisha ngamia, na Waturkana walipokuja nao wakapewa zamu. Serikali ya kaunti ilipotaka kutoa ardhi kwa kiwanda, iliitisha mkutano wa wananchi katika ukumbi mmoja mjini, mtaa wa Wabera, kama sheria inavyotaka. Mkutano uliwekwa katikati ya kiangazi. Wakati huo kila mwenye mifugo alikuwa amekwenda mbali pamoja na mifugo yake, akitafuta majani. Waliohudhuria walikuwa watu wa mjini wenye maduka na bodaboda, ambao hawakuwa na ng'ombe wa kushukisha popote. Afisa aliuliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Pilau ikaletwa. Wafugaji waliporudi walikuta ua wa seng'enge umeshikana na mashamba ya watu pande zote mbili, na tangu hapo kila kundi lilizunguka kwa mbali sana kuyafikia maji ambayo lilikuwa linayanusa. Ukame ulipokuja, wengi hawakuumaliza mzunguko huo.

Hao waliokufa ndio waliokuwa wakipita. Mashine ilikuwa katikati ya njia yao, na wao hawakuwa na habari za mashine.

Meneja wa kiwanda alikuwa Sirad Hersi, mwanamke wa makamo aliyeongea na simu mbili kwa wakati mmoja. Aliwaita Lotukoi na injinia wa kaunti chini ya taa kubwa ya karakana. Injinia alikata kipande cha nailoni, akakishika kwa mikono miwili na kuvuta. Kikararuka kwenye mstari, moja kwa moja, kama kitambaa mbele ya mshonaji.

"Hii itashika maji?" aliuliza injinia.

"Hiyo ni sampuli ya mbuzi," alisema Lotukoi. "Wamepita wengi. Kuna mahali pengine ni nzuri."

"Silanga ya Kinna imechimbwa, fundi. Mvua ikinyesha kabla ya nailoni, tumechimba shimo la kuogelea kwa siku mbili. Mimi nataka roli safi, na nataka barua inayoniambia kasoro ilikuwa nini na mmefanya nini."

Alipoondoka, Sirad alizima simu zote mbili, kitu ambacho hakuzoea kufanya.

"Lotukoi, sikiliza mimi. Nairobi kuna fundi, ananiambia anaweza kuja kesho. Mimi sitaki fundi wa Nairobi. Nataka wewe. Toa roli safi za Kinna na barua yako ya kudumu iko hapa kwa droo, imechapwa, imebaki sahihi. Ukishindwa, walahi, itabaki hapo hapo."

"Madam, sio mashine."

"Najua sio mashine. Niliona jana ngamia wa babu yangu wakipita, yule wa mbele anatupa shingo hivi. Nimewajua. Lakini kaunti hawanunui ngamia wa babu yangu."

Kwa hiyo Lotukoi akarudi kazini, na siku zilizofuata alikuwa mtu asiyefaa kusalimiwa. Alifungua mdomo wa mashine wote, akaung'arisha mpaka akajiona sura, na hakuipenda sura aliyoiona. Aliondoa chujio akakuta limeziba kwa manyoya ya ng'ombe na kupe mmoja aliyeungua. Akaweka chujio jingine. Likaziba. Kila alasiri maji ya tangi la kupozea yalishuka, hakuna bomba lililovuja, na mlinzi Lokorio akashukiwa kuwa anauza maji kwa wenye mikokoteni.

"Mimi?" Lokorio alisema. "Nikiuza maji ningekuwa na viatu hivi?"

Watu walimwangalia viatu, wakamwacha.

Alasiri hiyo ng'ombe walipoanza kurudi, Lotukoi alikuwa amesimama kwenye roli kando ya Kaltuma, akiwatukana kwa Kiturkana kwa sauti ya chini. Kisha akaacha, akainamia roli. Katikati ya kundi palikuwa na mnyama aliyetembea polepole kuliko wenzake. Miguu mitatu iliacha alama ya kawaida, na wa nyuma wa kushoto uliacha mkokoto mrefu uliopinda mwishoni.

Kwa Waturkana mwanamume huwa na maksai wake mmoja, anayemkunja pembe, anayemwimbia, na mwanamume huyo mwenyewe huitwa kwa jina la maksai wake. Maksai wa Aule, baba yake Lotukoi, alikuwa wa kijivu. Aliumwa na fisi akiwa ndama na hakuacha kuburuta mguu huo. Mwaka wa ukame, Aule alimzungusha ua mara nyingi kadiri mnyama alivyoweza, na siku ambayo hakuweza alilala kwenye kona ya seng'enge, pua ikielekea mtoni. Aule alikaa naye hapo hadi mwisho. Naye hakuishi sana baada ya hapo, na alipozikwa hakuna aliyemwita kwa jina la maksai, kwa sababu jina la mnyama aliyekufa kwa kiu halina utamu mdomoni.

Lotukoi alichukua wembe, akakikata kipande chenye ule mkokoto, akakikunja na kukitia mfukoni.

"Fundi, hiyo roli sasa ina shimo," alisema Kaltuma.

"Andika ni mimi."

Kesho yake Kaltuma alimleta baba yake. Mzee Golicha aliwaacha mbuzi wake nje ya lango, waliobaki, wachache na wembamba, akaingia akitumia fimbo ambayo hakuihitaji. Alisalimu, akaitikiwa, akatandikiwa nailoni sakafuni. Alitembea juu yake kutoka mwisho hadi mwisho kama mtu anayekagua shamba lake.

"Hawa wa Abdi. Hawa wa yule mama wa Kinna. Ngamia hawa wote ni wa Hersi mkubwa, alikuwa na kiburi nao sana." Alifika kwenye shimo. "Hapa nani amekata?"

"Mimi, mzee," alisema Lotukoi. "Alikuwa wa baba yangu."

"Yule wa mguu mbaya? Namjua." Golicha aligusa alama zilizofuata shimo kwa ncha ya fimbo. "Na huyu nyuma yake ni ng'ombe wangu mwekundu. Baba yako alimchukua usiku, mwaka ule wa vurugu. Mpaka leo anatembea na ng'ombe za Waturkana. Hana haya."

"Pengine alipenda mwenyewe, mzee."

"Ng'ombe wa Borana hapendi mwenyewe. Alipotoshwa." Golicha alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaacha. "Sasa shida yenu ni nini?"

"Wanaharibu nailoni."

"Hawaharibu kitu. Wanaenda maji. Nyinyi ndio mmekaa njiani. Toeni mashine, ama mfungue njia, ndio hiyo tu."

Lotukoi alipanda ofisini akiwa na jibu hilo, nalo lilikuwa jibu la kiufundi hata kwa mtu mwenye cheti kwenye fremu. Alimweleza Sirad kwamba ua ukifunguliwa sehemu mbili, juu na chini, na ikiachwa njia kando ya stoo, wanyama wangepita nje ya mashine na nailoni ingetoka safi. Walio hai na waliokufa wangetumia njia moja, kwa zamu, kama zamani. Isingegharimu chochote ila mageti mawili.

Sirad alisikiliza hadi mwisho.

"Hati ya ardhi iko benki," alisema. "Inaonyesha kiwanja kizima, hakuna njia ndani. Nikifungua leo mbuzi wapite, kesho ni malka tena. Keshokutwa mtu anaenda kortini na wazee kumi, na korti inasema kweli ni malka, na kumbe ilikuwa malka siku zote. Halafu benki inaniuliza nilikopea nini. Unaelewa? Sifungui."

"Hata kwa ngamia wa babu yako?"

"Hata yeye mwenyewe akija na fimbo yake." Alifungua droo, akaifunga. "Tafuta njia nyingine. Kwani stima huwezi kuzima wakati wanapita?"

Lotukoi alimweleza kwamba mashine ya namna hiyo haizimwi kama redio. Sirad akasema ajaribu. Akajaribu. Wanyama walipokaribia alisimamisha mashine, wakapita bila kugusa kitu, na alipoiwasha tena, plastiki iliyokuwa imekaa ndani ya pipa ilikuwa imeungua. Ikashika mdomo. Nailoni ikatoka na mistari mipya, iliyonyooka, isiyotembea, mistari halisi ya uchafu kama ile ya kwenye masomo. Lotukoi alikaa juu ya gunia la punje, akaifunika sura yake kwa kofia.

"Hizi sasa si mbuzi," Kaltuma alisema baada ya kuichunguza.

"Nyamaza, dada yangu. Tafadhali."

Alikuwa bado chini ya kofia alipofikia wazo lililomaliza shida. Mifugo haikuwa na haja na mto. Ilikuwa na haja na maji. Ikipewa maji upande wa juu, kabla ya kufika kiwandani, isingekuwa na sababu ya kuvuka. Alivuta bomba kutoka kwenye tangi la kupozea, akalipitisha chini ya ua, akajenga hori refu la saruji nje, upande wa malisho. Saruji ilipokauka alilijaza.

Asubuhi hiyo wafanyakazi walisimama ndani ya ua wakatazama. Maji ya hori yaliguswa kwenye ukingo, yakatetemeka sehemu nyingi kwa pamoja, yakashuka. Hao walikuwa mbuzi na kondoo. Lotukoi alifungua bomba, hori likajaa. Yakashuka tena kwa mikupuo mirefu, na mwishoni mwa hori, mbali kidogo na wengine, palikuwa na mmoja aliyekunywa polepole. Lotukoi aliliacha bomba wazi kuliko ilivyohitajika. Ngamia walikunywa mwisho, kwa muda mrefu, na mmoja wao alirusha maji kwa kutupa shingo, yakamlowesha Lokorio viatu.

Nailoni ilitoka safi. Kaltuma alipitisha ukucha siku nzima hakupata kitu. Sirad alishuka mwenyewe, akavuta kipande kwa mikono yake, kikakataa kuraruka, akampigia makofi Lotukoi mbele ya watu wote. Injinia aliambiwa alete lori.

Siku iliyofuata mzee Golicha alipita na mbuzi wake. Waliona maji, wakaenda mbio.

Lokorio alitoka akiwa ameinua rungu, akawafukuza. Hakufanya hivyo kwa ubaya, aliagizwa. Golicha alidai kumwona mkubwa, na Sirad akatoka hadi kwenye ua.

"Salaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam. Binti wa Hersi, haya maji ni ya nani?"

"Ni ya kuzuia kasoro, mzee. Yameandikwa kwenye hesabu ya mashine. Mifugo iliyokufa inaharibu nailoni, kwa hiyo inapewa maji. Hawa wa kwako wako hai. Hawapiti kwenye mashine, wanazunguka."

"Wanazunguka kwa sababu umefunga."

"Ndiyo. Lakini hawaharibu nailoni."

Golicha alifikiri. "Kwa hiyo wakifa watakunywa."

"Wakifa watakunywa, mzee. Hakuna atakayewazuia."

"Na mimi?"

"Habari ya watu haijaamuliwa," alisema Sirad, kwa heshima, kwa kuwa hakupenda kumdanganya mtu wa umri ule.

Lotukoi alikuwa amesimama nyuma yake. Alifungua mdomo akasema, "Madam, ni mbuzi wachache tu," na Sirad akajibu bila kugeuka kwamba wachache ndivyo walivyo leo, na kwamba Isiolo nzima ina macho. Jioni hiyo Kaltuma, ambaye alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, alipewa rangi na ubao. Aliandika alichoambiwa: HORI HILI NI LA MIFUGO ILIYOKUFA. MIFUGO HAI HAIRUHUSIWI. KWA AMRI. Alipomaliza aliosha brashi kwa muda mrefu, na kwa siku kadhaa hakumwita Lotukoi fundi, alimwita wewe.

Mbuzi mmoja wa Golicha, jike mweusi mwenye sikio lililokatwa, alianguka akafa kwenye kona ya ua juma hilo hilo akiwa njiani kuzunguka. Asubuhi iliyofuata maji ya hori yalishuka kidogo zaidi. Golicha, aliyekuwa amesimama mbali na ubao, alimwona akinywa, akaridhika kwamba Sirad ni mtu wa kutimiza ahadi.

Roli za Kinna zilipakiwa, zikaenda, zikatandikwa. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Meru. Ikabaki barua ya injinia.

Lotukoi aliiandika mwenyewe, kwa sababu aliamini kwamba aliyetibu ndiye aeleze ugonjwa. Aliandika kwamba chanzo cha kasoro ni ua uliofunga malka, na kwamba dawa yake ya kudumu ni kuufungua. Alimpelekea Sirad, ambaye aliisoma akiwa amesimama.

"Nani amekuuliza habari ya ua?"

"Wameuliza chanzo."

"Andika uchafu. Andika, uchafu kwenye mdomo wa mashine, umesafishwa. Kila mtu anaelewa uchafu." Alifungua droo, akatoa barua ya kudumu, akaiweka mezani na kuweka kalamu juu yake. "Nalipa fundi wa kudumu, Lotukoi. Silipi wakili wa mbuzi."

Lotukoi aliitazama barua iliyochapwa. Majina yake yalikuwa yameandikwa sawasawa, yote mawili. Alimfikiria Jane, na ukuta wenye fremu moja. Lakini kilichompanda kichwani kwanza hakikuwa ua wala mbuzi.

"Mdomo ulikuwa safi," alisema. "Mimi siandiki kwamba mdomo wangu ulikuwa mchafu. Unaweza kuweka barua yako kwa droo. Ulikuwa safi tangu siku ya kwanza. Nilijiona sura."

"Basi utaandika nini? Lazima kuwe na chanzo!"

Chini, mashine ilikuwa inavuma vizuri. Lotukoi alivuta karatasi mpya, akaandika mistari miwili, akamgeuzia.

Chanzo cha kasoro: kiu. Hatua iliyochukuliwa: maji yametolewa.

Sirad aliisoma mara ya pili. "Kiu ya nani? Wakiuliza?"

"Hawataniuliza."

"Ya mashine, watafikiri."

"Watafikiri ya mashine."

Sirad aligonga muhuri. Kisha akatia sahihi ile barua nyingine, akampa mkono, na Lotukoi akashuka ngazi akiwa mwajiriwa wa kudumu. Kaltuma alimtazama mikononi, akaona karatasi mbili, akarudi kwenye roli yake.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Lotukoi alikata kipande cha nailoni mpya, akakilaza kwenye mwanga wa dirisha kwa mazoea. Hakukuwa na mstari wowote, wala wa mbuzi, wala wa ng'ombe anayeburuta mguu. Aliitia barua ya injinia ndani, akaibana kwenye mashine ndogo ya kuzibia nailoni, akahesabu pumzi mpaka ukingo ukashikana, akautoa na kuupapasa. Uliziba vizuri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, ukucha ukifuata mkokoto kwenye kile kipande cha zamani, hadi pale ulipopinda.

Bodaboda ilikuwa inangoja langoni. Ofisi za kaunti zilikuwa ng'ambo ya pili ya ua, na mtu aliyesimama juu ya hori angeweza kuona paa zake. Mwenye boda alitia barua kifuani chini ya jaketi, akawasha pikipiki, akashika njia ya kuzunguka ua.